Ng'ombe Anayetunzwa na Serikali

Lukozi
8 Februari 2024

Wote saba nimewauza, Idrisa. Hela iko benki mjini Lushoto, milioni kumi na moja na laki mbili, na karatasi ya benki nimeiweka chini ya msahafu wa baba yako, maana mwizi wa huku anaogopa msahafu kuliko mbwa.

Sasa salamu. Hujambo mwanangu? Joto la huko linakuacha ulale? Sisi wazima.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nikipiga unasema uko kwenye kikao, na huku majirani wanahesabu pamoja nami. Barua haina kikao. Tena mwandiko wangu huu, mwalimu wetu wa darasa la saba alisema ungenifanya karani wa mahakama, na karani tuliye naye umeona anavyoandika, kama kuku aliyekanyaga matope. Barua anayo Martin wa fuso la kabichi, nimeichomeka kwenye tenga la mapeasi. Kula mwenyewe, usigawe yote ofisini.

Desemba ulipokaa pale kibarazani uliniambia niuze wale wawili wazee. Ulisema, "Mama, una ng'ombe saba kwenye nyumba tano, na kwenye banda lako hakuna hata mmoja. Hiyo ni mali iliyolala." Neno hilo lilinikaa. Miaka ishirini na sita nimeweka ng'ombe kwa watu kama mama yangu alivyoweka. Wao wakate majani, wakamue, wachukue samadi, na kila ndama wa tatu awe wao. Mimi ninangoja wangu. Nikajiuliza, kama mwanangu amesoma mpaka anawekeza serikalini, mimi ninangoja ndama mpaka lini? Na kwa nini niuze wawili kama mtu mwenye shaka?

Kwa hiyo siku ya gulio nimewatangazia: ng'ombe wangu sasa anatunzwa na Serikali. Anakaa Dar es Salaam, hali majani, haugui ndigana, na kila miezi sita anakamuliwa. Walicheka mpaka muuza dagaa akasimamisha mizani. Lakini walisikia. Hakuna mwanamke mwingine Lukozi mwenye ng'ombe wa namna hiyo, wala mwenye mtoto wa kumnunulia.

Watunzaji wameelewa. Mzee Issa aliuliza tu samadi atapata wapi, nikamwambia siku hizi kuna mbolea ya ruzuku. Zainabu, yule mjane wa bondeni, alimshika yule ng'ombe wangu Malaika kamba akamtembeza mwenyewe mpaka barabarani kwa mnunuzi. Akasema, "Ahsante mama Idrisa kwa miaka tisa." Nikamwambia asinune, kanga yake ipo.

Baba yako anakusalimu. Ana kikohozi cha vumbi, si kitu. Aliniuliza kama hiyo si riba. Nikamwambia ni maziwa. Akasema, "Maziwa ya ng'ombe gani?" akageukia ukutani. Unamjua kwa utani.

Mama yako, mama wa mwekezaji,
Mwanahawa


Dar es Salaam
17 Februari 2024

Shikamoo mama. Mfikishie na baba shikamoo yangu.

Nilisema wawili, mama. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali nilipokuambia saba. Lakini hela imeshaingia na mnada wa hati fungani za Serikali ni wiki ijayo, kwa hiyo nitafanya ulivyotaka. Ni ya miaka ishirini na tano. Siku Serikali itakaporudisha milioni zako utakuwa na miaka themanini na sita. Maziwa, kama unavyoyaita, yataanza tarehe ishirini na mbili Agosti.

Kuhusu swali la baba, nimeuliza. Kila sheikh ana jibu lake. Mimi nimechukua lile linaloniruhusu kulala.

Huku hali si nzuri. Dola inatafutwa kama dawa, na mwenye nayo hasemi. Sukari imefika elfu nne na mia tano, kwa hiyo nimeacha sukari. Kuacha kitu ni rahisi kuliko nilivyofikiri. Nimeacha pia soda, nguo mpya, na kupanda bajaji kutoka kituoni. Mshahara haujaongezwa mwaka wa tatu sasa, lakini kila mwezi ninaweka theluthi yake, sikosi. Wenzangu ofisini wanasema ninaishi kama mtu anayejiandaa kwa vita. Nawaambia hawasomi magazeti.

Nilikaa juzi nikapiga hesabu nyingine. Safari moja ya kuja huko, nauli, zawadi za watu, sadaka, na wale wanaokuja asubuhi kuniamkia, inanila laki nne. Nikija mara tatu kwa mwaka ni milioni na laki mbili. Zikiwekwa badala ya kuliwa, kwa miaka ishirini zinakuwa nyumba. Ndiyo maana Idi hii sitakuja. Usihuzunike mama, ni kwa ajili yetu.

Kikohozi cha baba kimeanza lini?

Mwanao,
Idrisa


Lukozi
25 Machi 2024

Mwanangu,

Hesabu yako nimeielewa. Kwa hiyo kila tusipoonana tunapata tofali. Mimi nakutania, usikunje uso. Nimewasomea wanawake kwenye futari kile kipande cha theluthi ya mshahara, na mama Nasra alisema mwanawe yeye anapokea leo na kesho anakopa. Nikanyamaza kwa heshima, lakini nilinyamaza kwa sauti.

Wewe unauona uchumi kwenye dola. Mimi nauona kwenye gunia. Wanunuzi wa mjini mwaka huu wanataka lumbesa, gunia lijae, kisha lifungiwe kofia ya wavu juu, na kofia nayo ijae, halafu bei ni ya gunia moja. Ukikataa, wanaondoka na fuso tupu na kabichi zako zinapasuka shambani. Mvua imezidi, njia ya kwenda chini imekatika mara mbili, na Martin alilala njiani siku mbili akiuza karoti kwa wapita njia. Mbolea ya ruzuku inatolewa kwa namba, na namba inakuja kwenye simu, na simu ya Mzee Issa ilianguka chooni. Karoti zake zimekuwa nyembamba kama penseli. Alipita hapa na fungu akaniambia nionje. Nikaona ananionyesha, si kwamba ananipa.

Watu wamepoa kidogo. Zamani jioni mmoja angeleta kibuyu cha maziwa, mwingine angeleta habari za ndama. Sasa wananisalimia barabarani, "Habari za Serikali, mama Idrisa?" na wanapita. Ni wivu tu. Mtu akipanda juu anaona vichwa vya watu, haoni nyuso.

Baba yako hafungi mwaka huu, anasema tumbo. Amekuwa mwembamba lakini unajua hakuwahi kuwa mnene. Kikohozi ni cha tangu vumbi lile. Usijali. Desemba uje na lile gari ulilosema utaazima kwa rafiki yako, nimeshawaambia watu.

Mama yako,
Mwanahawa


Lukozi, bondeni
21 Julai 2024

Kwa Idrisa,

Salaam. Ni mimi Zainabu, niliyekuwa na Malaika. Mama yako hajui kama nakuandikia, na Martin ameapa hatasema.

Baba yako alikuja kwangu juzi na fimbo. Kutoka msikitini mpaka kwangu ni hatua chache, alipumzika mara tatu. Aliingia kwenye banda lisilo na ng'ombe akakaa juu ya ndoo. Nikamuuliza, shemeji, umekuja kufanya nini huko? Akasema amezoea kupita hapa. Nikamkorogea uji, akanywa robo. Alipokohoa aliweka leso mdomoni na leso akaificha haraka, lakini mimi nilimuuguza marehemu mume wangu, leso ya namna hiyo naijua.

Hakunituma. Hakusema uje. Mimi ndiye ninasema. Mama yako hatakuambia kwa sababu amekwisha kuwaambia watu kwamba kwenu kila kitu ni kizuri, na hajui arudi vipi kutoka huko.

Usitume hela. Njoo.

Zainabu


Dar es Salaam
3 Agosti 2024

Shikamoo mama.

Nimetuma laki mbili kwenye simu yako. Mpeleke baba hospitali, wampige picha ya kifua, na usiniambie vumbi. Zikipungua niambie nitaongeza.

Nilitaka kuja wiki hii. Nilifika mpaka kituo cha mabasi kuuliza nauli. Kisha nikafikiria: nikija sasa nitatumia siku zangu za likizo, na Desemba sitakuwa nazo, na nauli nitalipa mara mbili. Nimeona ni bora laki mbili hizo zimfikie daktari kuliko zimfikie dereva. Naamini baba mwenyewe angesema hivyo.

Shilingi imeshuka tena. Huku sasa chapati unaweza kununua nusu, wanakukatia kwa kisu bila kukuangalia usoni. Nilinunua nusu jana. Nilikuwa na hela ya nzima, mama, ila nilishazoea. Sijui ni lini hasa nilizoea.

Tarehe ishirini na mbili usisahau kuangalia simu. Ni laki nane na zaidi kidogo.

Idrisa


Dar es Salaam
8 Septemba 2024

Shikamoo mama.

Sijui nianze wapi. Siku mbili nilizokaa hapo hukunisemesha ila chakula, na mimi sikukusemesha ila chai. Basi la kuja huko nilipanda asubuhi ile ile uliponipigia, lakini Mombo tulikuta fuso limelala barabarani, na nilipofika juu ilikuwa saa nne usiku na udongo wa kaburi la baba ulikuwa umeshalowa umande. Nilisimama pale na begi mgongoni kama mgeni anayeuliza njia.

Zainabu aliniandikia mwezi wa saba. Hukujua, sasa ujue. Alisema nisitume hela, nije. Mimi nikatuma hela. Nikaiita busara.

Nimepanga hivi. Nitaiuza hati yote kwenye soko la hisa, hata kwa hasara, nikununulie tena ng'ombe saba. Urudishe kila kitu kilivyokuwa. Niambie tu nianze.

Mwanao,
Idrisa


Lukozi
15 Septemba 2024

Mwanangu Idrisa,

Marahaba. Barua yako Martin aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, akavua kofia.

Hukuchelewa peke yako. Damu kwenye leso niliiona mwezi wa tatu, ndani ya Ramadhani, wakati nakuandikia habari za lumbesa. Nilikuwa nimeshasema gulioni kwamba Desemba unakuja na gari. Sikutaka uje kwa ugonjwa, nilitaka uje kwa kishindo. Zile laki mbili zako tulikwenda nazo hospitali, daktari akaangalia picha, akamwangalia baba yako, akaniambia mimi nitoke nje kidogo. Nikatoka. Niliporudi baba yako alikuwa anafunga vifungo na akasema, "Twende nyumbani." Ndiyo habari yote niliyopewa, na sikuuliza nyingine.

Wewe uliliona kaburi limekwisha. Hukuona lilivyochimbwa. Nitakuambia, maana nisipokuambia mimi utaambiwa na watu na watalitia chumvi.

Kwetu mwenye ng'ombe wako bandani ni mtu wako. Ukifiwa hatumwi. Jua likitoka amekwisha kuja na jembe, mkewe na kuni, watoto na ndoo za maji. Mama yangu alipofariki nyumba nne zilichimba, na mimi sikujua hata nani alianza. Siku ya baba yako nilikaa ndani nikasikiliza. Saa moja, kimya. Saa mbili, kimya. Mdogo wake baba yako akatoka kutazama barabara akarudi. Saa nne imamu akauliza nani anachimba.

Tulilipia, Idrisa. Vijana wanne wa bodaboda kutoka stendi, elfu thelathini kila mtu na soda. Walichimba vizuri, siwalaumu, mmoja alikuwa na redio mfukoni akaizima mwenyewe. Lakini hakuna mtu Lukozi aliyewahi kununuliwa kaburi. Na hela iliyokuwepo nyumbani ilikuwa moja tu, ile ya tarehe ishirini na mbili. Nilipomwonyesha baba yako siku ilipoingia aliisukuma simu kwa mkono akasema, "Hiyo isiniguse." Haikumgusa mpaka alipokuwa hawezi tena kuisukuma.

Wale wa nyumba nyingine walikuja. Usidhani hawakuja. Walikuja saa ya sala, wakasimama mstari wa nyuma, wakanipa mkono wa pole, wakaondoka. Hakuna aliyenuna wala kusema neno. Walifanya yote ambayo mtu wa njiani angeyafanya, na hawakuongeza hata moja. Mzee Issa alinipa pole akaniita "mama" basi, kama ninavyoitwa na wauza nguo. Miaka kumi na minane alikuwa ananiita dada.

Zainabu ndiye aliyekuja na kuni. Alikuja na mzigo kichwani saa tatu, akautua, akaanza kuosha masufuria. Nikamwambia, wewe hunidai wala sikudai, mbona umekuja? Akasema, "Shemeji alikuwa anakuja kukaa na mimi." Basi. Akaendelea kuosha. Ile kanga niliyomwahidi mwezi wa pili sijampa mpaka leo.

Siku tatu za matanga nilikaa mkekani nikifikiri, wacha nione Serikali itamtuma nani na kuni. Nilicheka peke yangu, wakadhani nimechanganyikiwa.

Sasa mpango wako. Saba huwezi kuwarudisha. Malaika alichinjwa Mombo wiki ile ile niliyomuuza, mnunuzi alimwambia Martin. Wengine hatujui. Nikikuacha ununue saba na kuwagawa kama pipi, watu watasema mama Idrisa amewanunua tena kwa bei ya jumla, na watakuwa wanasema kweli. Hati iache. Uza kiasi cha kupata mtamba mmoja, mwenye nguvu, mwenye mimba kama unaweza. Mmoja. Huyo ni wa Zainabu, na si wa kutunza. Ni wake, na ndama wote wake.

Kwa wale wanne sina ng'ombe. Nina wewe. Mimi niko edani, miezi minne na siku kumi sivuki uani, kwa hiyo siwezi kwenda kwa Mzee Issa kumwambia nilikosea, na kumwita aje kwangu aombwe msamaha hiyo ni jeuri nyingine. Uje Alhamisi, tarehe tatu Oktoba. Ijumaa baada ya sala umfunge mtamba kamba umtembeze mwenyewe mpaka bondeni, usimpakie kwenye gari, watu wamwone anavyorudi kama walivyomwona Malaika anavyoondoka. Kisha nenda kwa wale wengine kwa miguu. Ukifika ukae. Ukipewa chai unywe, na kama ina sukari unywe hivyo hivyo. Usiwaambie habari za dola. Waambie, "Mama amenituma. Anasema ng'ombe walikuwa wake, lakini kilichokuwa kati yenu hakikuwa cha kuuza, naye alikiuza." Sema hivyo hivyo, nimekaa siku nne nikiyapanga. Kisha waalike kwenye arobaini. Wakikujibu vibaya, sikiliza. Wakinyamaza, ngoja kidogo kabla hujainuka.

Safari hii usiipigie hesabu. Ukishindwa kujizuia, piga, lakini usiniandikie ilikuja ngapi.

Imamu ameshaambiwa. Dada yako Husna na mumewe wanatoka Muheza Jumamosi na viungo vya pilau. Masufuria nimeazima mawili makubwa, na mama Nasra aliyeniazima aliniuliza, kwa wema tu, kama moja lisingetosha. Nikasema mawili. Sijui kama nimesema kwa imani au kwa ile tabia yangu. Mzee Issa alipitishiwa habari na mjukuu wake, akajibu kwamba ataona. Wengine hawajajibu. Nimechagua mchele kilo ishirini na tano, punje kwa punje, na mikono yangu haina kazi nyingine.

Kama watakuja wachache, tutakula wachache, na sitawaambia watu kwamba walikuwa wengi.

Arobaini ya baba yako ni Jumapili, tarehe sita Oktoba, baada ya sala ya adhuhuri. Nyumba zote tano, Idrisa. Waambie tunawangoja.

Mama yako,
Mwanahawa